Nyuzi Tisini na Nne

3 Machi, Mabwerebwere, Kilosa

Tik. Kimya. Tik tena, kama mtu anayegonga bati kwa ukucha huku akiwaza jambo. Sauti hiyo niliisikia Desemba, siku niliyorudi kutoka chuoni, na mpaka leo haijanitoka masikioni. Pacha wangu Dotto alinipokea stendi ya Kilosa na pikipiki yake, akalifunga begi langu nyuma, tukaenda kumsalimia shangazi yetu kule Lumuma. Katikati ya mlima injini ilianza kukosa nguvu. Dotto akazima. Tukasimama pembeni, na katika ukimya ule chuma kilianza kulia kidogo kidogo kikipoa. Dotto alisema, "Inahesabu dhambi zako, Kulwa." Sikucheka. Miaka mitatu nilikaa darasani nikijifunza jinsi joto linavyotanua chuma, na kumbe sikuwahi kulisikia likikiachia.

Baba yetu, mzee Ndaki, aliuza ng'ombe watatu kule Ruhembe ili Dotto apate pikipiki hii. Akipiga simu huiulizia kwanza hali yake, kisha yetu. Kila baada ya wiki mbili Dotto humpandisha mlimani Nesi Hildegarda, anayekaa hapa Kilosa na kuhudumia zahanati ya kule Lumuma, na kati yao sanduku la baridi lenye chanjo za watoto. Kazi hii aliitafuta mwaka mzima. Tangu aipate, pikipiki imeshamzimikia mara mbili njiani, na mganga mfawidhi amemwambia wazi kwamba ikizima mara ya tatu atatafutwa dereva mwingine. Na sasa masika yanaingia.

Naanza daftari hili kwa sababu nimeamua kwamba haitazima. Nataka kuona siku kwa siku kama uamuzi wangu umesimama juu ya kitu.

5 Machi

Mvua ya kwanza. Kona ya daftari imelowa.

9 Machi

Fundi Lupakisyo amenikubali gereji kwake. Ni Mnyakyusa aliyekuja Kilosa kwa muda mfupi, miaka thelathini iliyopita. Jana nilimpelekea cheti ndani ya bahasha, hakuifungua. Aliniuliza kama naweza kutoa plagi bila kuharibu nyuzi zake, nikamwonyesha, akasema nije kesho na nguo za kuchafuka.

Leo pikipiki ya Dotto imeingia ikiwa bado moto. Fundi alichovya kidole kwenye kopo la maji, akadondosha tone moja juu ya kichwa cha silinda. Tone lilikaa, likachemka, likaisha.

"Nzima," akasema. "Tone likikaa likachemka, injini iko kwenye joto lake. Likikataa kukaa, likakimbia kama shanga, zima ushuke."

Nikamuuliza joto lake ni nyuzi ngapi.

"Ni hizo hizo."

Naandika haya nikiwa na hasira kidogo. Injini hizi hazina rejeta wala maji. Zinapozwa na upepo unaopita kwenye mapezi, yale mabamba membamba yanayoizunguka silinda, na ndani yake ni oili. Joto lake hupanda na kushuka kufuatana na mwendo, mzigo na mlima. Chuoni tuliambiwa kichwa cha injini ndogo kama hii kikiwa kati ya nyuzi mia na ishirini na mia na themanini kinafanya kazi yake. Kikivuka mia mbili, oili inaanza kuungua na pistoni inatanuka mpaka inakosa nafasi. Kitu kama hicho kinahitaji namba. Siwezi kumkabidhi pacha wangu kwa tone la maji.

12 Machi

Kijiweni kwa Dotto madereva wote wa pikipiki wameshafunga aproni. Ndivyo wanavyofanya kila masika: kipande cha mpira au turubai kinafungwa kwenye bampa mbele ya injini, kinashuka mpaka chini, matope yasimrukie abiria. Walimu na wauguzi hawapandi pikipiki inayowachafua. Dotto amekata ya kwake vizuri kuliko wote, na kila Jumamosi anasugua kichwa cha silinda kwa waya mpaka kinang'aa kama sahani ya harusi.

Asiyefunga ni Koinet peke yake, kijana wa Kimasai anayeleta maziwa kutoka maboma ya mbugani. Leo amefika matope yakiwa magotini. Paulo, mwenyekiti wa kijiwe, akamuuliza, "Koinet, umeendesha au umelima?"

"Nimelima," Koinet akajibu. "Nyinyi mliovaa viatu mtakula nini?"

Fundi Lupakisyo anasema aproni ni sawa na kumziba mtu pua halafu kumwambia apande mlima. Lakini huyo huyo humimina oili nzito ya malori kwenye pikipiki akidai inavumilia, kwa hiyo sijui nimwamini wapi. Nimemwambia tusubiri namba.

14 Machi, Mikumi

Nimekuja kumwona Yassin, niliyesoma naye. Anafanya kazi gereji ya malori hapa barabara kuu. Jua la Mikumi ni kali hata katikati ya masika, na lami inatoa mvuke kama nguo inayopigwa pasi. Yassin ameniazima kipimajoto chao cha akiba, kile cha umbo la bunduki: unakielekeza kwenye kitu, unabonyeza, namba inatokea. Ameniambia pia kwamba gereji yao inatafuta fundi mwenye cheti kuanzia Juni, na jina langu ameshalitaja. Nimemwambia nitamjibu.

Njiani kurudi nilipima kila kitu. Kiti cha basi, thelathini na sita. Mkono wangu, thelathini na tatu.

16 Machi

Nesi Hildegarda amenionyesha fomu yake. Mara mbili kwa siku anasoma kipimajoto cha sanduku na kuandika tarehe, saa, nyuzi, sahihi. Kati ya mbili na nane, basi. Ikitoka hapo anatoa maelezo. Nilipenda jinsi karatasi ile isivyobembeleza mtu.

Nimechora ya kwangu kwa mfano huo na kuibandika ukutani gereji. Tarehe, saa, mahali, nyuzi, na safu ya neno moja: salama au simama. Safu ya sahihi sikuiweka. Joto ni joto, halimtegemei aliyelisoma.

22 Machi

Kijiweni, 86. Baada ya kwenda Rudewa na kurudi, 91. Leo Dotto amepanda Lumuma na bunduki, na Nesi mwenyewe amepima juu ya mlima: 108. Ni chini kuliko nilivyotegemea, chini sana. Nimefurahi hadi nikashindwa kula. Nimeandika "salama" mara tatu kwa kalamu nyekundu.

Paulo ameanza kuniita Injinia. Madereva wanapita gereji kupimiwa kama watoto wa kliniki, kisha wanaondoka wakijivuna. Fundi anatazama karatasi yangu, anarudi kwenye kazi yake.

2 Aprili

Mvua siku tatu mfululizo. Hakuna la kuandika. 89, salama.

6 Aprili

Dotto amesema miguu inamuungua akipanda mlima. Akasema pia kuna harufu, kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Nimempeleka ukutani nikamwonyesha safu ya namba. Amezisoma zote, akasema, "Basi ni miguu yangu."

Dotto ni dereva mzuri kuliko wote ninaowajua, ila ana tabia ya kuhisi vitu. Tangu utotoni nimekuwa nikimpa sababu za mambo na yeye akizipokea. Nilimtangulia kuzaliwa kwa dakika kumi na tano.

11 Aprili

111 juu ya mlima, na abiria wa kawaida. Salama. Mvua.

17 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio. Nisipofanya hivyo sitaandika.

Saa mbili kasorobo asubuhi Dotto alipita gereji akiwa na Nesi nyuma na sanduku katikati. Alinisubiri nipime. 94. Nikaandika salama. Nesi alikuwa na koti jipya la mvua la njano, na Dotto akaniambia leo amembeba malkia. Wakaondoka.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Nesi, Dotto na Koinet. Walipofika mlima wa pili matope yalikuwa mazito, Dotto akashuka gia ya pili na kukaa humo muda mrefu. Nguvu zikaanza kupungua. Akaongeza mafuta. Injini ikatoa mlio mmoja mkali, tairi la nyuma likakwama ghafla, likaburuzika, pikipiki ikageuka ubavu na kuwatupa mfereji wa pembeni. Dotto aliangukia bega la kushoto. Nesi aliangukia matope huku amelikumbatia sanduku. Ananiambia hakumbuki kuamua kulikumbatia.

Koinet alikuwa nyuma yao, akimpelekea mjomba wake dawa za ng'ombe. Alimkuta Dotto amekaa, mkono umening'inia, anajaribu kuinyanyua pikipiki kwa mkono mmoja. Dotto akamwambia, "Mpandishe Nesi kwanza. Barafu inayeyuka." Koinet akampandisha Nesi, sanduku likafika likisoma nyuzi tano, kisha akarudi kumchukua Dotto. Alimshusha taratibu mno, Dotto anasema kobe aliwapita.

Mfupa wa mtulinga umevunjika. Hospitali wamemfunga bega. Wiki sita, labda nane.

Nilipofika wodini aliniomba msamaha. Alisema ameua ng'ombe wa baba.

19 Aprili

Leo tumefungua injini. Pistoni imechubuka pande zote mbili, ringi zimeganda kwenye mifereji yake, oili imekuwa kama lami. Fundi Lupakisyo aliigeuza mkononi, akasema, "Imekaangwa." Nilingoja aseme kitu kuhusu aproni. Alitazama ukutani kwenye karatasi yangu, akanawa mikono, akatoka.

Mchana mganga mfawidhi amepiga simu: zahanati itatafuta dereva mwingine. Jioni Paulo amekuja na madereva wawili. Wanasema dereva aliyekaanga injini na kumwangusha nesi analiharibia jina kijiwe kizima, na watakaa tarehe mbili Mei kuamua kama jina la Dotto litaendelea kuwepo kwenye orodha yao. Paulo si mtu mbaya. Aliongea kwa upole, mkono juu ya karatasi yangu.

"Injinia, karatasi hii umeiandika wewe. Siku ile asubuhi inasema tisini na nne, salama. Kama injini ilikuwa salama, nani hakuwa salama?"

Nilikubaliana naye. Nilifikiri: Dotto amebana gia ya pili, Dotto amekimbiza, Dotto hakuniambia.

20 Aprili

Baba amepiga simu kutoka Ruhembe, imetukuta wodini. Dotto alimwambia kosa ni lake. Kisha baba akaomba kuongea nami. Aliniuliza, "Ng'ombe akiugua unamtazama macho na pua. Hii mnaitazama wapi?" Nikamwambia kuna kipimo. Akasema, "Na kipimo kilisemaje?"

Nikamwambia kilisema nzima.

"Basi ni mchungaji," baba akasema, na simu ikakatika. Huko mtandao hukatika wakati wa mvua. Sijui kama ulikatika au alikata.

24 Aprili

Dotto ameruhusiwa kurudi nyumbani, namlisha. Leo niliinjika maji ya ugali. Sufuria yetu ina pande mbili: ubavu mmoja nimeusugua kwa majivu mpaka unang'aa, mwingine una masizi ambayo hayajawahi kutoka. Maji yalikuwa yanatokota, kifuniko kinaruka. Bunduki ilikuwa mezani, nikaielekeza kwenye sufuria bila kufikiri, jinsi mtu anavyochezea rimoti.

41.

Maji yanatokota, na kipimo kinasema arobaini na moja.

Niligeuza sufuria. Upande wa masizi: 97. Upande unaong'aa: 41, 43, 40. Masizi: 97, 97.

Niliketi sakafuni. Ugali haukupikwa leo, tumekula mkate.

Bunduki haigusi chuma. Inasoma joto linalotoka kwenye uso wake, na uso uliosuguliwa hautoi joto lake kwa wingi kama uso mweusi. Badala yake unaakisi kilicho mbele yake. Jambo hili lilikuwa kwenye kitabu, sura ya nne. Nililifanyia mtihani na nikafaulu. Kichwa cha injini ya Dotto kilikuwa kinang'aa kama sahani ya harusi, na mimi nikasimama mbele yake kila asubuhi nikasoma anga, ukuta wa gereji, na mimi mwenyewe. Joto la injini sikuwahi kulisoma hata siku moja.

Namba zilikuwa nzuri kuliko zilivyopaswa. Niliona. Niliandika humu kwamba ni chini sana, kisha nikafurahi. Miguu ilimuungua akaja kuniambia, nikampeleka ukutani.

25 Aprili

Sijasema.

26 Aprili

Mvua. Dotto ameniuliza kama gia ya pili huchosha injini kuliko ya tatu. Anataka kujua alikosea wapi hasa. Nimemjibu. Nimemjibu vizuri, kwa mifano.

27 Aprili

Bado.

28 Aprili

Nimekwenda gereji nikiwa na nia ya kuing'oa karatasi. Nimeikuta palepale, na chini ya ile 94 mtu amechora pikipiki ndogo ikiwa na miguu juu. Nimeiacha. Nikiing'oa kabla ya kusema nitakuwa nimeficha. Nikisema baada ya tarehe mbili nitakuwa nimesema bure.

29 Aprili

Nimemwambia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma akijifunza kufunga kamba za viatu kwa mkono mmoja. Nilileta sufuria, nikaiinjika kwenye jiko la mkaa mbele yake, maji yalipotokota nikampa bunduki apime mwenyewe. Alipima upande mmoja, akapima wa pili, akarudia. Nikamweleza yote, pamoja na sura ya nne.

Nilidhani atakasirika kuhusu namba. Alizima bunduki, akaiweka chini.

"Umejua lini?"

"Jumatano."

"Leo Jumatatu." Akahesabu kwa vidole vya mkono mzima. "Kipimo kikikosea ni kipimo, Kulwa. Hata mimi ningekiamini. Hizi siku tano ni wewe."

Aliingia ndani, hakutokea mpaka usiku. Tumeishi tumboni pamoja, na hajawahi kunipa mgongo namna ile.

1 Mei

Hasemi nami zaidi ya chumvi na maji. Kesho kikao. Nimeosha sufuria, upande mmoja tu.

2 Mei

Nilifika kijiweni na jiko, mkaa, sufuria na bunduki. Walikuwa kama ishirini, chini ya bati la duka la spea, kwani mvua ilikuwa haijaamua. Mmoja akasema Injinia leo ametuletea chai, mwingine akauliza vitafunwa viko wapi. Fundi Lupakisyo alikuja na stuli yake akakaa pembeni. Nilipoinama kuwasha mkaa niligundua sina kibiriti. Mkono ukaninyooshea kibiriti kutoka nyuma yangu. Alikuwa Dotto, bega limefungwa.

Maji yalipotokota nilimpa Paulo bunduki, nikamwambia apime upande unaong'aa na asome kwa sauti.

"Arobaini na tatu."

"Salama?"

"Kwa karatasi yako, salama."

"Basi tumbukiza mkono, mwenyekiti. Arobaini na tatu ni maji ya kuogeshea mtoto."

Walicheka. Paulo alitazama maji, akatazama bunduki, hakutumbukiza. Nikageuza sufuria, akasoma tisini na saba. Kicheko kikaisha chenyewe.

Ndipo nikasema. Nilisema kwamba karatasi ile niliiandika mimi na kila namba iliyomo ni ya uongo, ingawa sikukusudia. Kwamba Dotto aliniambia miguu inaungua na kuna harufu, nami nikamkatalia kwa karatasi. Kwamba nililijua kosa langu tarehe ishirini na nne na nikanyamaza siku tano huku wao wakimhukumu. Nikasema kama kuna jina la kufuta, wafute la Injinia, kwani la Dotto halina kosa.

Paulo alijikuna kidevu. Akasema hilo jina nilipewa bure, hawana haja ya kulifuta. Kisha akamuuliza Dotto kama ana neno. Dotto akasema, "Aproni yangu ndiyo iliyoiziba injini. Hilo ni langu." Jina lake limebaki kwenye orodha.

Kuhusu aproni hawakukubaliana. Mmoja alisema abiria wake ni walimu, wakichafuka watapanda kwa mwingine, je, joto la injini litamletea walimu? Hilo nalo ni kweli. Wawili walikata madirisha kwenye aproni zao palepale. Wengine walisema watafikiri, maana yake hapana.

Watu walipotawanyika Fundi alichovya kidole kwenye maji yangu yaliyopoa. "Karatasi niing'oe?" nikamuuliza. Akasema, "Ya nini? Acha watu waisome. Andika tu kando yake."

5 Mei

Nimeandika kando yake.

9 Mei

Jaribio. Koinet ametuazima pikipiki yake, ni aina moja na ya Dotto. Alimfunga Fundi kwa masharti: "Ukimuua ng'ombe wangu, nataka ng'ombe anayetembea." Tulipaka doa la rangi nyeusi isiyong'aa karibu na plagi, upana wa sarafu, na kupima hapo tu.

Mjini bila aproni: 134. Mlima wa kwanza, watu wawili, gia ya pili, bila aproni: 169. Fundi akadondosha tone, likakaa, likachemka.

Tukafunga aproni ya Dotto, tukapanda kipande kilekile baada ya injini kupoa. Hatukufika hata nusu. 207. Fundi akadondosha tone. Halikukaa. Lilijiviringisha likawa shanga, likakimbia juu ya chuma, likaanguka. Tukazima haraka, tukaketi barabarani kungoja. Ikaanza: tik. Tik.

Nikamwambia Fundi tone lake na namba yangu vimesema jambo moja. Akasema vimesema, ila tone halikuhitaji kusafiri mpaka Mikumi. Nikamwambia oili ya malori nayo tutaipima. "Pima," akasema.

13 Mei

Fundi alikuwa na silinda nzima ya pikipiki iliyogongwa. Tumeifunga na pistoni mpya. Mimi ndiye ninayeizungusha taratibu mjini mpaka pistoni iizoee silinda, kwani Dotto hawezi. Leo asubuhi nimemkuta nje, mkono mmoja umefungwa, mwingine una brashi. Alikuwa anapaka kichwa cha silinda rangi nyeusi, kile alichokuwa akikisugua kila Jumamosi.

"Abiria watasema imezeeka," nikamwambia.

"Waseme." Akachovya brashi: "Shika kopo, linamwagika."

Nikashika kopo.

16 Mei

Nesi Hildegarda hana wa kumpandisha mlimani. Dereva mpya aliyepatikana alikwenda safari moja, akasema njia ile ni adhabu, hajarudi. Kuna watoto kule juu ambao chanjo yao ya pili inapita tarehe. Nimemwona akiwa ameinamia simu, akimpigia mtu wa tatu au wa nne. Nimerudi nyumbani nikamuuliza Dotto kona zote za njia ya Lumuma, moja moja. Hakuuliza kwa nini. Alinichorea kwenye mgongo wa karatasi yangu mpya ya joto, kila mahali pa kupumzisha injini akapawekea msalaba.

17 Mei

Mvua kubwa. Nimepanda mpaka msalaba wa kwanza peke yangu, nikarudi. 163.

20 Mei

Nimepanda mpaka juu. Nimeanguka mara moja, kwenye matope laini. 170. Tone lilichemka.

23 Mei

Yassin nilimjibu Jumanne. Nilimwambia Juni siji, na kipimajoto chake nimekirudisha kwa basi, kimefungwa kwenye kanga. Nimejinunulia kingine, kidogo zaidi, kinatosha. Baba nilimpigia siku hiyohiyo na kumwambia mchungaji hakuwa na kosa, nikamweleza nani alikuwa nalo. Safari hii mtandao ulikuwa mzuri. Akasema, "Haya. Sasa mnaitazama wapi?" Nikamwambia karibu na plagi, kwenye doa jeusi.

Kwa mganga mfawidhi nilikwenda Jumatano, na leseni yangu na karatasi mbili, ile ya uongo na ile ya kweli. Alizisoma zote. Aliuliza itakuwaje Dotto akipona. Nikamwambia kiti ni chake, mimi nakishikilia tu mpaka mfupa uunge.

Leo saa mbili kasorobo nilikuwa mlangoni kwa Nesi. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akatazama nyuma yangu kumtafuta dereva.

"Ni mimi, mama."

Alitazama bampa isiyo na aproni, akatazama koti lake la njano. "Nitachafuka," akasema.

"Utachafuka sana."

Akapanda.

Tumesimama kwenye misalaba yote mitatu ya Dotto. Kwenye wa pili Nesi mwenyewe ndiye aliyedondosha tone. Tumefika saa tano na robo, matope mpaka kiunoni, na akina mama waliokuwa wakingoja na watoto wao walitucheka kabla ya kutusalimia. Sanduku, nyuzi nne. Injini, mia na sitini na nane. Nesi alijaza fomu yake juu ya kiti cha pikipiki, akanipa kalamu. Karatasi yangu nimeichora upya jana, ina safu moja zaidi. Nimeandika tarehe, saa, mahali, nyuzi, na mwishoni nimetia sahihi.